Nazi tatu na nusu kwa mlo mmoja: kisa cha mpishi wa Ngamiani

Mama mkubwa wangu ana miaka 54. Anaishi Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamekuwa wakimwita kupika kwenye shughuli: harusi, hitima, maulidi. Mimi ni afisa lishe. Kisa hiki ni chake, na ameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala namba ya barabara anayokaa, maana Ngamiani ukishasema namba ya barabara umeshamaliza.

Nakiandika kwa kirefu kwa sababu kila wiki nakutana na wanawake wa rika lake waliopewa karatasi ya makatazo. Usile wali. Usile nazi. Usile chapati wala maandazi. Wanaitikia "ahsante", wanakunja karatasi kwenye upindo wa kanga, na nyumbani hakuna kinachobadilika. Halafu wanaambiwa hawana nia. Nia wanayo. Karatasi ile inamtaka mwanamke aache kazi ya mikono yake, kitu ambacho mtaa mzima unamheshimu kwacho, na badala yake haimpi chochote.

Alinijia Oktoba 2023. Uzito ulikuwa kilo 91 na urefu mita 1.58, kwa hiyo uwiano wa uzito na urefu (BMI) ulikuwa 36.5, ilhali kuanzia 30 mtu huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Kiuno kilikuwa sentimita 108. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kwenye 80 na huwa kubwa zaidi akipita 88. Presha ilikuwa 148 kwa 94 akiwa tayari anameza dawa. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4, juu ya kawaida lakini haijafika kisukari.

Lakini hizo ni namba zangu, siyo zilizomleta. Kilichomleta ni magoti. Miezi minne kabla alianza kuswali juu ya kiti. Aliniambia kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: "Mwanangu, mimi nataka kusujudu. Hayo mengine utajua wewe."

Alikuwa ameshajaribu mara moja kabla yangu. Kwenye shughuli fulani mama mmoja alimpa maelekezo ya kula supu ya kabichi na maji ya ndimu tu kwa siku tisa. Alipungua kilo nne, akafurahi, siku ya tisa akashikwa na kizunguzungu karai likiwa jikoni, na mwezi haukuisha kilo zikawa zimerudi na moja ya ziada. Ukiacha ghafla vyakula vya wanga, mwili unatumia akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hushikilia maji takriban mara tatu ya uzito wake. Ikitoka, maji yanatoka nayo. Mizani inashuka haraka, na mtu anadhani ni mafuta. Akirudia kula kawaida, maji yanarudi siku hizohizo. Yeye alilichukua jambo hilo kuwa ni udhaifu wake. Ilinichukua muda kumtoa kwenye fikra hiyo, na sina hakika kama nimefaulu kabisa.

Na mimi nilianza vibaya. Nilimwambia aache wali wa usiku. Alinijibu "sawa mwanangu" kwa adabu yote, na wiki tatu baadaye alikuwa na kilo zilezile 91. Nilipomuuliza, akasema: "Baba yako mkubwa anakula saa mbili usiku. Nimtengee, halafu nikae nimtazame?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaomba nije nikae naye jikoni siku tatu, nisiseme kitu, niandike tu.

Siku ya kwanza alipika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha wa nazi. Watu wa kula ni watano. Nilikaa pembeni ya mbuzi nikitazama. Alikuna nazi mbili za wali, moja ya samaki, na nusu ya mchicha. Alitia maji ya vuguvugu kidogo, akafinya na kukamua kwenye kifumbu, likatoka tui la kwanza, zito, linashikilia kijiko. Akatia maji tena, akakamua la pili. Machicha ya nazi aliyorusha kwa kuku yalikuwa makavu kama vumbi la mbao. Mkono wake hauachi kitu.

Nilifanya hesabu hapohapo kwenye daftari. Nazi pevu ya wastani ina nyama kama gramu 300, na theluthi yake ni mafuta, yaani kama gramu 100. Kwa mkono kama wake zaidi ya nusu ya mafuta hayo huhamia kwenye tui. Tuseme gramu 60. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, hivyo kila nazi inapeleka chunguni kalori kama 540. Nazi tatu na nusu ni 1,890. Ukigawa kwa watu watano, kila mmoja anapata karibu kalori 380 za tui peke yake. Ni karibu sawa na vikombe viwili vya wali mweupe ulioiva, juu ya wali anaoula.

Nilimsomea. Alinyamaza, akatazama chungu, akasema, "Na sahani yangu wewe umeiona ilivyo ndogo."

Ni kweli. Sahani yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisema "mimi sili kitu", watu wakimcheka kwa kuutazama mwili wake, na alikuwa anasema kweli kadiri alivyojua. Sahani ilikuwa ndogo kwa sababu alikuwa ameshakula akiwa amesimama.

Daftari la siku tatu lilionyesha hivi. Alionja kila chungu mara nyingi, na hakuonja kwa ncha ya ulimi: alichota kwa upawa, akamimina kiganjani, akanywa. Ukizidisha hilo kwa vyungu vitatu ni bakuli la mchuzi. Halafu kuna ukoko. Yeye hupika wali kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na wali wa nazi ukipaliwa vizuri mafuta hushuka chini yakakaangia punje za mwisho mpaka ziwe za rangi ya dhahabu. Ukoko ule ni haki ya mpishi. Watu wakishapakuliwa, yeye huukwangua kwa kijiko, anaula taratibu akiwa amejiegemeza ukutani, na huo ndio muda wake pekee wa kupumua kwa siku nzima. Nilimtazama akifanya hivyo na nikaona kwamba nikimkataza ukoko nitakuwa nimemnyang'anya mapumziko. Sikumkataza.

Kitu cha tatu kilikuwa chai. Vikombe vinne kwa siku, ya maziwa, yenye tangawizi na hiliki, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Vijiko kumi na viwili ni gramu 48, karibu kalori 190, na chai haishibishi. Asubuhi huwa na mbaazi za nazi kwa maandazi, manne akiwa na haraka, kwa sababu mwenye haraka hatafuni, anameza.

Chakula chenyewe hakikuwa kibaya, na nataka hili lisomeke vizuri. Mezani kwake kulikuwa na samaki karibu kila siku, mbaazi au kunde, majani ya kijani, ndimu, nyanya, ndizi, muhogo wa kuchemsha. Watu wa miji mingine wanalipa fedha nyingi kula namna hiyo. Samaki wa kupaka ni samaki wa kuchoma: changu au kolekole anakaushwa juu ya makaa bila tone la mafuta, na ndani yake kuna thomu, tangawizi, pilipili na ukwaju. Kumwambia mwanamke huyu aache vyakula vya pwani aende kwenye mkate wa dukani na soseji kwa kuwa hazina nazi ni kumpeleka pabaya zaidi.

Kwa hiyo nilimuuliza swali moja tu: kati ya vyungu hivi vitatu, ni kipi kisichoweza kuishi bila nazi?

Hakufikiri hata kidogo. "Samaki."

Na wali? Akasita. Wali mweupe, akasema, ukiula na samaki wa kupaka, lile rojo linaushukia, hausikii kama hauna nazi. Na mchicha? Mchicha, akasema, mama yake alikuwa akiukaanga kwa kitunguu na nyanya tu, akiukamulia ndimu mwisho. Nazi kwenye mchicha ilikuja baadaye, nyumba ilipopata nafuu.

Hapo ndipo kanuni yetu ilipozaliwa, na maneno ni yake: nazi chungu kimoja. Kila mlo, chungu kimoja tu kinapata tui, na kinapata tui zito kweli, siyo maji meupe ya kudanganya ulimi. Akitaka wali wa nazi, siku hiyo samaki anachomwa kwa ndimu na mboga inakaangwa kidogo. Akitaka mbaazi za nazi, anazila kwa chapati moja kavu au muhogo wa kuchemsha. Kutoka nazi tatu na nusu tukashuka hadi moja na nusu. Hiyo ni pungufu ya kalori kama 216 kwa kila mtu aliyekaa kula, pamoja na baba mkubwa, ambaye hakuambiwa na hakuuliza.

Sukari tuliishusha kwa hatua ndogo, nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, mpaka kikabaki kijiko kimoja kwa kikombe. Tangawizi na mchaichai viliongezwa. Kwenye kuonja tulikubaliana kijiko kidogo cha chai, na bakuli la kukichovya. Chumvi nayo ilipunguzwa, kwa ajili ya presha, kwa kuloweka papa mkavu na ng'onda (samaki wa kukaushwa) usiku kucha na kumwaga maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na kipande cha papa kisicholowekwa kinakula sehemu kubwa ya kiwango hicho.

Tulichogombania ni sinia. Nilitaka ale kwenye sahani yake, nijue kiasi. Alikataa, na kwa mara ya kwanza alinikasirikia. "Nile peke yangu kama mgonjwa? Wakwe zangu wanatazama?" Kwao wanawake hula pamoja, na anayejitenga kwenye sinia ana jambo. Kuna hofu nyingine ambayo haikusemwa ila ilikuwepo chumbani: watu wa umri wake wanakumbuka miaka ambayo mtu akikonda, jirani wanaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Kunenepa kulikuwa ushahidi kwamba uko salama na mumeo anakutunza. Baba mkubwa mwenyewe alimwambia, kwa upendo, "Usije ukaisha mwili, watu waseme sikulishi." Afisa lishe anayelipita hilo kana kwamba ni ujinga hajaijua kazi yake.

Tulichofanya ni kulibadilisha sinia lenyewe. Wali ulikuwa unapakuliwa kwa kurundikwa kama kichuguu, vitoweo pembeni. Akaanza kuutandaza, katikati akaweka mboga na kachumbari kwa wingi, samaki juu. Mkono wa kila mtu ukawa unapita kwenye mboga kabla ya kufika kwenye wali. Ijumaa hatukugusa. Ijumaa ni biriani au pilau, na iliachwa kama ilivyo.

Desemba alikuwa na kilo 87.4. Mwanzoni mwa Machi 2024, kilo 84.9.

Kisha Ramadhani ikaingia, na mimi sikuwa nimejiandaa. Nilidhani kufunga kutasaidia. Nilisahau futari ya Tanga ilivyo. Muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, ndizi mbivu za nazi na hiliki, tambi za sukari, kaimati, uji, vyote kwenye mkeka mmoja. Kanuni ya chungu kimoja inavunjika hapo kwa sababu vyungu siyo vyake vyote. Jirani anatuma sahani imefunikwa kawa, nawe huirudishi tupu, na huwezi kuacha kuonja alichokutumia. Tena mpishi aliyefunga haonji mchana, kwa hiyo usiku analipa. Baada ya Idi, Aprili, mizani ilisema 87.2. Kilo 2.3 zilikuwa zimerudi.

Alikuja amevaa vizuri na uso umeanguka. Alishaamua kwamba mambo yamekwisha kama yale ya kabichi. Nilimwonyesha daftari: kabichi ilirudisha zote na moja juu, Ramadhani imerudisha 2.3 kati ya 6.1. Hapo aliona tofauti. Nilikosea kumpima wiki ya Idi. Ningesubiri Shawwal iishe, nusu ya uzito ule ungekuwa umeondoka wenyewe na asingepata siku ile ya huzuni. Mwaka unaofuata nitafanya hivyo, na tumeshakubaliana kwamba mwezi huo lengo ni kubaki palepale tu.

Baada ya hapo tuliongeza kutembea. Mapema magoti yasingekubali. Baada ya alfajiri, siku tano kwa wiki, yeye na wenzake wawili huvuka reli na kuelekea upande wa baharini, nusu saa kwenda na kurudi. Hizo ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mtu mzima. Kwangu faida kubwa ilikuwa nyingine: wenzake wawili nao wakaanza kupika nazi chungu kimoja. Jambo likishakuwa la watu watatu, halina tena sura ya ugonjwa wa mtu mmoja.

Septemba 2024, miezi kumi na moja tangu tuanze, alikuwa na kilo 80.6. Amepungua kilo 10.4, zaidi kidogo ya asilimia 11 ya uzito wa mwanzo. Inajulikana vyema kwamba hata asilimia 5 hadi 10 zinatosha kushusha presha na sukari. Kiuno 98. Presha 132 kwa 84, kwa dawa ileile, ambayo hakuiacha na sikumruhusu aiache. Sukari 5.8. Uwiano wa uzito na urefu ni 32.3, kwa hiyo kwa vitabu bado yumo kwenye unene uliokithiri, na kuna mwenzangu mmoja kazini aliyetazama namba hiyo akasema kazi haijafanyika. Simkubalii. Mwanamke wa miaka 54 anayepika kila siku kwa ajili ya watu, aliyeshuka kilo kumi akiwa ndani ya jiko lake mwenyewe na bado anaendelea kushuka, huyo amefanya kazi kubwa kuliko wengi waliofika 25 kwa miezi mitatu na kurudi walikotoka.

Mwezi wa nane alikiondoa kile kiti chumbani mwake. Hakuniambia. Niliona mwenyewe nilipokwenda kumjulia hali: kipo uani, kimewekewa ndoo ya maji.

Yapo yasiyomalizika. Shughuli bado zinamshinda. Anapopika kilo hamsini za mchele usiku kucha, kijiko kidogo cha kuonjea hakionyeshi kitu kwenye sufuria ya ukubwa ule, na wenye harusi hawataki pilau iliyopunguziwa mafuta; wakionja wakaiona kavu watasema mpishi kaiba. Usingizi unakatika, asubuhi anakula chochote kilicho karibu. Wiki za harusi mbili uzito unapanda kilo moja au zaidi. Tumejaribu ale mlo kamili wa nyumbani kabla ya kwenda, na binti mmoja amepewa kazi ya kuonja kwa niaba yake chungu cha kwanza mpaka cha tatu. Mara mbili limefaa, mara moja hakumwamini binti.

Ukoko anaula bado. Siku ya wali wa nazi ameupangia nafasi: anapunguza wali wa sinia, anauweka ukoko kwenye kisahani, anavuta kigoda na kukaa. Juzi nilimkuta hivyo, makaa yameshapoa, redio iko chini. Akanisogezea kisahani, nikavunja kipande, tukala.